Theluji ya Moscow na Mruko wa Kikapu

Desemba 1891, James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu, alipotundika vikapu vyake viwili kwenye ukumbi wa mazoezi wa Springfield, Marekani, hakuwa akiwapima warukaji. Ukingo wa roshani ya ukumbi ulikuwa na urefu wa futi kumi, yaani mita 3.05, akavipigilia hapo. Ringi haijashuka wala kupanda tangu siku hiyo. Mwaka 1921 Mmarekani Dudley Sargent alichapisha kipimo cha mruko wa wima. Kipimo kikapatikana mapema; njia ya kuuongeza mruko ilichelewa, tena ikatokea mbali kabisa na kikapu.

Ilitokea Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1950. Yuri Verkhoshansky alikuwa kocha wa riadha, na theluji ilimfungia viwanja kila msimu wa baridi. Vijana wake wa miruko mitatu walibaki ndani wakinyanyua vyuma. Alipochunguza mruko wenyewe, aliona kwamba kazi kubwa hufanyika katika ule muda mfupi mno ambao mguu unagusa ardhi: msuli unavutwa na uzito unaoshuka, kisha unajikunja papo hapo na kumrusha mtu. Akaamua kuuzoesha muda huo. Mwanariadha apande sanduku la sentimita 75 hivi, ajiachie, atue, na kabla hajatulia aruke juu kwa nguvu zote.

Mazoezi ya Wasovieti yaliwavutia wengine baada ya Olimpiki ya München, mwaka 1972, Valeriy Borzov wa Umoja wa Kisovieti alipotwaa dhahabu za mita 100 na 200. Hapohapo Wasovieti waliwafunga Wamarekani 51–50 katika fainali ya kikapu, ingawa mechi ile iliamuliwa na sekunde tatu za mwisho zilizorudiwa, si na masanduku. Miaka mitatu baadaye Fred Wilt, mkimbiaji wa zamani wa Marekani aliyewahi pia kuwa mpelelezi wa FBI, aliyapa mazoezi hayo jina la plaiometriki. Nao Carmelo Bosco wa Italia na Paavo Komi wa Finland wakapima katika maabara namna misuli na kano zinavyohifadhi nguvu ya kutua na kuirudisha.

Faida yake si ya miujiza. Mwaka 2007 Goran Marković alikusanya tafiti 26 na kukuta wastani wa ongezeko la kati ya asilimia 4.7 na 8.7, kutegemea aina ya mruko. Anayeruka sentimita 60 atapata tatu hadi tano. Chini ya ringi, hizo zatosha kumpokonya mpinzani ribaundi.

Kilichopotea njiani, kwa maoni yangu, ni kiasi. Verkhoshansky aliwapa sanduku wanariadha ambao miguu yao ilikwisha kukomazwa na vyuma, tena kwa miruko michache yenye mapumziko marefu. Kocha anayewarusha watoto mara mia mbili juu ya saruji, hadi wanatua kwa kuburuta miguu, anawazoesha kugusa ardhi muda mrefu zaidi.