Mashine za wingu hupewaje ithibati?

ITHIBATI ya mashine za wingu ni makubaliano kati ya kampuni inayokodisha kompyuta kwa njia ya intaneti na kampuni inayotengeneza mfumo wa uendeshaji unaotumika ndani yake. Kwa makubaliano hayo mteja hujua ni nani atakayewajibika mashine inapoanguka usiku wa manane.

Neno wingu lisimpoteze msomaji. Kompyuta zenyewe ziko ardhini, katika majengo yenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza hewa. Programu maalumu huigawa kompyuta moja kubwa ikawa mashine pepe kadhaa, kila moja na kiasi chake cha prosesa, kumbukumbu na hifadhi. Viasi hivyo huuzwa kwa aina, kama nguo za dukani zenye saizi tofauti. Kinachopewa cheti ni aina hiyo ya mashine, wala si kampuni nzima.

Wakazi wa pwani wameshaishi na kompyuta za mbali kwa muda mrefu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mtu aliyekuwa kwenye gati la Mtangawanda, kisiwani Pate, akimtumia nduguye wa Lamu mjini fedha, muamala wake ulipitia Ulaya kabla ya kurudi kisiwa cha pili.

Mfano unaojulikana zaidi wa ithibati hii ni wa kampuni ya Marekani ya Red Hat, iliyonunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Mfumo wake wa Red Hat Enterprise Linux, ambao chimbuko lake ni toleo la mwaka 2002, hutumika sana katika benki, mashirika ya simu na idara za serikali duniani. Mwaka 2009 Red Hat ilianzisha mpango wa kuwatambua watoaji wa huduma za wingu, na Amazon Web Services ikawa ya kwanza kuingia.

Masharti ya programu ndiyo kiini cha mtihani. Kwanza, mfumo uliomo lazima uwe ule halisi, uliosajiliwa, na vifurushi vya programu vyake viwe vimetoka kwa mtengenezaji bila kubadilishwa. Pili, kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa, iwe ni ile iliyotolewa rasmi. Moduli ngeni zisizotambuliwa huitia doa. Aidha, SELinux, kinga inayoizuia programu kugusa isichoruhusiwa, iwe inafanya kazi na si kuzimwa kwa sababu inamsumbua fundi, mazoea ambayo yameenea mno.

Baada ya hapo huwekwa kifurushi cha majaribio kinachopima prosesa, kumbukumbu, hifadhi na mtandao. Jaribio la mtandao huhitaji mashine ya pili ya kupokea na kurudisha data. Jaribio moja ni la ajabu kidogo: mashine huangushwa makusudi ili ionekane kama inaweza kuhifadhi nakala ya kumbukumbu yake wakati wa kuanguka. Pasipo nakala hiyo, mhandisi anayetafuta chanzo cha ajali hubaki kubahatisha. Matokeo hupelekwa Red Hat kukaguliwa, na aina iliyofaulu huorodheshwa hadharani.

Ukali kuhusu kerneli si urasimu mtupu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, inayofanya kazi ndani ya kerneli, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, na safari za ndege zikakwama katika nchi nyingi. Mfumo ulikuwa mwingine, lakini hatari ni ile ile: kosa dogo mahali pale huangusha mashine nzima.

Hata hivyo, cheti kina mipaka yake. Julai 2023 mtandao wa eCitizen wa serikali ya Kenya ulishambuliwa kwa kufurikishiwa maombi, na huduma kama vile za pasipoti zikatatizika. Ithibati ya mashine isingelizuia hilo. Wala haisemi lolote kuhusu mlingoti wa simu unaomhudumia abiria wa Mtangawanda, au umeme unaouendesha.

Ofisi inayotaka kukodi mashine za wingu, iwe ya kaunti, hospitali au chama cha wavuvi, yafaa itazame mambo mawili kabla ya kutia saini. Cheti hutolewa kwa toleo kuu na aina ya prosesa: kilichopatikana kwa toleo la 8 hakihamii toleo la 9, na cha prosesa za Intel na AMD hakihesabiki kwa zile za ARM. Pia mifumo ya bure inayofanana na huo hairithi cheti chake. Waliotegemea CentOS Linux 8 walitarajia kuhudumiwa hadi mwaka 2029. Huduma hiyo ilikatwa tarehe 31 Desemba 2021.