Silaha za Okinawa na watu waliozihifadhi

Agosti 1817, nahodha Mwingereza Basil Hall alitia nanga katika kisiwa cha St. Helena na kupata nafasi ya kuzungumza na Napoleon, aliyekuwa kifungoni huko. Mwaka uliotangulia, Hall alikuwa katika ufalme wa Ryukyu, ambao leo ni mkoa wa Okinawa nchini Japani. Alimweleza Napoleon kwamba watu wa kule hawana silaha. Napoleon, aliyeishi vitani karibu maisha yake yote, hakuamini. Hall alishikilia kauli yake: muda wote aliokaa huko hakuona upanga wala bunduki.

Miaka kumi baadaye nahodha mwingine Mwingereza, Frederick Beechey, alifika Naha, bandari ya Ryukyu, na kuitilia shaka kauli hiyo ya Hall. Alikuwa amechelewa. Sifa ya visiwa visivyo na silaha ilikuwa imeshavuka bahari, na baadaye ikapandikizwa juu yake simulizi ambayo kila mwanafunzi wa karate ameisikia: kwamba wakulima walionyang'anywa panga waligeuza mundu, mpini wa jiwe la kusagia na vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba kuwa silaha, wakapambana usiku na askari wa Kijapani waliowatawala.

Simulizi hiyo ni tamu, lakini inawanyima haki watu waliobeba elimu ya silaha hizi kwa kweli.

Tuanze na huko kunyang'anywa panga. Ushahidi unaotajwa mara kwa mara ni maandishi ya mwaka 1509 yaliyochongwa kwenye ukingo wa mawe wa kasri la kifalme la Shuri, yakimsifu Mfalme Sho Shin. Wasomi wa zamani waliyafasiri kuwa mfalme alipiga marufuku silaha. Ukiyasoma kwa makini, yanasema panga, pinde na mishale vilikusanywa ili viwe zana za kuulinda ufalme. Huyo ni mfalme anayejenga ghala la silaha chini ya mkono wake. Ndiyo maana ukoo wa Kijapani wa Shimazu, kutoka Satsuma, ulipovamia mwaka 1609, na jeshi la watu wapatao 3,000 lenye bunduki, watu wa Ryukyu walitoka kupigana. Walishindwa, lakini hawakupigana mikono mitupu. Hata baada ya kushindwa, mabwana wa Shuri walibaki na panga zao.

Na kuhusu zana za wakulima, silaha iitwayo sai inasimulia ukweli vizuri kuliko zote. Ni chuma kizito chenye ncha ya kati ndefu na mbawa mbili fupi kandoni. Haina makali. Mafunzo yake huanza na kidole gumba: unakikaza kwenye pengo kati ya mpini na ubawa, chuma kimelala chini ya mkono wa mbele hadi kupita kiwiko kidogo, halafu unakifyatua kwa kifundo cha mkono ncha itoke mbele, na kukirudisha palepale. Anayeanza huchubuka ngozi kabla kifundo hakijalegea. Mbawa zile ni za kunasa fimbo au upanga wa mhalifu, na wengi, wakiwa na sai moja kila mkono, walivaa ya tatu mkandani kama akiba. Hakuna shamba linalolimwa kwa chombo hicho. Huko Ryukyu kilikuwa chombo cha askari wa ulinzi, waliotakiwa kumkamata mtu akiwa hai.

Wavuvi nao wana sehemu yao, na ni ya haki kabisa. Kasia la mtumbwi lilikuwa silaha halisi, na kata yake mashuhuri, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa kwa mazoezi, inabeba jina la kisiwa kidogo cha Tsuken. Ndani ya kata hiyo kuna pigo ambalo bapa la kasia huchota mchanga wa ufukweni na kumrushia adui machoni. Kwa wengi waliofundisha fimbo ndefu iitwayo bo, ya takriban sentimita 180, mambo yalikuwa tofauti. Walikuwa watu wa tabaka la watumishi wa mfalme, kama Sakugawa wa karne ya 18, ambaye jina lake limebaki kwenye kata ya fimbo hadi leo.

Mwaka 1879 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliufuta ufalme wa Ryukyu, na watumishi hao wakapoteza kazi na posho. Elimu yao ingezikwa pamoja nao kama si watu wachache. Yabiku Moden alianzisha chama cha kuchunguza silaha za Ryukyu mwaka 1911. Mwanafunzi wake Taira Shinken, mzaliwa wa Kumejima mwaka 1897, aliwahi kufukiwa na kifusi mgodini ujanani na kuumia mguu. Alikwenda Tokyo mwaka 1922, akajifunza karate kwa Funakoshi Gichin, na tangu 1929 akashika silaha kwa Yabiku. Kisha akazunguka kukusanya: kata zaidi ya 40 za silaha nane.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana mwaka 1945. Vita vya Okinawa viliua zaidi ya watu 200,000, wakiwemo walimu wengi, na kasri la Shuri likateketea pamoja na nyaraka zake. Kilichosalia cha elimu hii kilikuwa ndani ya miili ya walionusurika. Taira alifundisha baada ya vita, akachapisha kitabu chake mwaka 1964, akafariki mwaka 1970. Matayoshi Shinpo alifanya vivyo hivyo kwa urithi wa baba yake, Shinko.

Miaka miwili baada ya kifo cha Taira, Bruce Lee alizungusha nunchaku, vile vijiti viwili vilivyofungwa pamoja, kwenye filamu na dunia nzima ikaduwaa. Jimbo la New York liliipiga marufuku mwaka 1974, na mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2018. Tonfa, ule mpini wa jiwe la kusagia wa kwenye simulizi, nayo ikawa rungu la polisi wa Marekani.

Wewe unayefundishwa sai au fimbo, hakikisha unajua kata yako ilipita mikononi mwa nani kabla haijakufikia. Kama hujui, muulize mwalimu wako, na kama naye hajui, itafuteni jibu pamoja.