Kubashiri Mwisho wa Thanos

Katika vibanda umiza kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtazamaji anaijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayoungua, lakini kabla taa hazijawashwa atainuka na adui atapata malipo yake. Tarehe 27 Aprili 2018, siku filamu ya Avengers: Infinity War ilipoanza kuoneshwa Marekani, sheria hiyo ilivunjwa mchana kweupe. Thanos, jitu la zambarau lililovaa glavu ya dhahabu yenye mawe sita, lilialisha vidole, na nusu ya viumbe hai vya ulimwengu vikageuka vumbi. Spider-Man akaenda. T'Challa naye, ambaye filamu yake ya Black Panther ilikuwa imezinduliwa kwa shangwe mjini Kisumu, nyumbani kwa kina mwigizaji Lupita Nyong'o, miezi miwili tu kabla, akayeyuka katika ardhi ya Wakanda. Filamu ikaishia hapo.

Sehemu iliyofuata ingetoka Aprili 2019, na wakati huo hata jina lake halikujulikana. Ikawa mwaka mzima wa kubashiri. Watu walichambua trela fremu kwa fremu, wakapima urefu wa nywele za waigizaji, wakafukua vitabu vya katuni vilivyochapishwa kabla wao hawajazaliwa. Wapo walioyaona hayo kuwa ni upuuzi wa vijana wasio na kazi. Mimi nayaona kuwa usomaji wa dhati, wenye historia ndefu kuliko filamu zenyewe, na historia hiyo imefungamana kwa namna ya ajabu na mtu mmoja: Jim Starlin, aliyemuumba Thanos.

Starlin alizaliwa Detroit mwaka 1949. Alitumikia jeshi la majini la Marekani, na alipotoka akaingia chuoni, ambako somo la saikolojia lilimkutanisha na Thanatos, jina la mauti kwa Kigiriki ambalo wanasaikolojia walilitumia kueleza mvuto wa binadamu kwa maangamizi. Kutokana na somo hilo akamchora Thanos. Kwa mara ya kwanza Thanos alionekana katika toleo la 55 la Iron Man, lenye tarehe ya Februari 1973. Katika michoro ya awali alikuwa mwembamba, amekaa kitini, akifanana na Metron, mmoja wa wahusika waliobuniwa na Jack Kirby katika kampuni ya DC. Aliyemshauri Starlin amjaze misuli, afanane zaidi na Darkseid, mbabe wa Kirby huyohuyo, alikuwa Roy Thomas, mhariri mkuu wa Marvel.

Huyu Roy Thomas ndiye anayenifanya niseme kwamba mashabiki wamekuwa ndani ya nyumba hii tangu msingi wake. Kabla ya kuajiriwa alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Missouri, na alikuwa mwandishi hodari wa barua kwa wahariri wa katuni. Mwaka 1961, yeye na Jerry Bails, msomi aliyekuwa akifundisha Detroit, walianzisha Alter Ego, jarida la mashabiki lililojadili mashujaa hao kwa uzito. Miaka hiyohiyo Julius Schwartz, mhariri wa DC, alianza kuchapa anwani kamili za wasomaji walioandika barua. Hatua hiyo ndogo ikazaa makubwa: msomaji wa mji mmoja aliweza sasa kumwandikia mwenzake wa mji mwingine asiyemjua, wakabishana kuhusu kilichotokea katika toleo lililopita na kitakachotokea katika lijalo.

Stan Lee wa Marvel aliielewa nguvu hiyo upesi. Makosa yalipoonekana kwenye hadithi, aliwaachia wasomaji wenyewe wabuni maelezo ya kwa nini hayakuwa makosa, na aliyefaulu alitumiwa bahasha ambayo ndani haikuwa na kitu. Watu waliishindania bahasha hiyo tupu. Toleo la 20 la Fantastic Four, la Novemba 1963, lilichapa barua ya kijana wa New Jersey aliyelisifia gazeti hilo kwa moyo wake wote. Alikuwa George R. R. Martin, ambaye baadaye angeandika vitabu vilivyozaa Game of Thrones. Starlin mwenyewe alichora katika majarida ya mashabiki kabla ya kupata kazi New York. Kwa hiyo Thanos ni mtoto aliyezaliwa na shabiki na kulelewa na shabiki.

Mwaka 1988 Starlin alikutana na nguvu hiyo kwa namna ya kuogofya. Wakati huo alikuwa akiandika hadithi za Batman kwa kampuni ya DC, na msaidizi wa Batman, Jason Todd, aliyevaa vazi la Robin, alikuwa hapendwi na wasomaji wengi. DC ikaamua kuwaachia wao hukumu. Toleo moja liliisha bomu la Joker, adui wa Batman, likilipuka, na nyuma yake zikachapwa namba mbili za simu: moja ya kumwokoa kijana, nyingine ya kumuua. Kila simu iligharimu senti 50 za dola. Waliotaka afe walipiga mara 5,343. Waliotaka apone, mara 5,271. Kwa tofauti ya simu 72, Jason Todd akazikwa. Mara nyingi tunaambiwa kwamba mashabiki hubaki nje wakisubiri wapewe hadithi. Hapa walikabidhiwa kisu, na wakakitumia.

Miaka mitatu baadaye Starlin, akiwa amerudi Marvel, aliandika kazi ambayo wabashiri wa 2018 waligeuza kuwa kitabu cha kiada: The Infinity Gauntlet, matoleo sita ya mwaka 1991, yaliyochorwa kwanza na George Pérez na kumaliziwa na Ron Lim. Humo Thanos anaua nusu ya ulimwengu kwa sababu ya mapenzi. Anampenda Mauti, ambaye katika vitabu hivi ni mwanamke mwenye uso wa fuvu, na anataka kumpa zawadi isiyo na kifani. Mauti hamjibu hata neno. Mashujaa wanakwenda kupigana naye na kuuawa mmoja baada ya mwingine, mpaka anabaki Captain America peke yake mbele ya adui mwenye uwezo wa kimungu. Mwishowe Nebula, ambaye Thanos amemtesa mpaka akawa kati ya uhai na kifo, anamnyang'anya glavu na kuyarudisha mambo ya siku moja nyuma. Glavu inaangukia kwa shujaa Adam Warlock. Thanos anaishia kuwa mkulima kwenye sayari ya mbali, akiishi maisha ya utulivu.

Sasa weka kitabu hicho mikononi mwa mtu aliyetoka kwenye jumba la sinema Aprili 2018. Picha ya mwisho ya Infinity War inamwonesha Thanos ameketi nje ya kibanda, akitazama jua kwa uso wa mtu aliyemaliza kazi. Aliyesoma toleo la sita aliitambua sura hiyo papo hapo: huyu ni yule mkulima. Na mkulima ni mwisho wa hadithi, wala si katikati yake. Watengenezaji walikuwa wameuchukua mwisho wa kitabu wakaufanya mwanzo wa filamu iliyofuata, na hapo ndipo wasomaji wa katuni walipoanza kupotea njia.

Waliapa kwamba Adam Warlock angetokea, kwa kuwa mwisho wa Guardians of the Galaxy Vol. 2 ya mwaka 2017 ulikuwa umeonesha kifukofuko alimokuwa akiumbwa. Hakutokea, ilibidi wamsubiri hadi 2023. Walisema Nebula angeivaa glavu. Hakuivaa. Walimsubiri Mauti, kwa sababu mwaka 2012, pale Thanos alipochungulia kwa mara ya kwanza mwishoni mwa The Avengers, mtumishi wake alimtaja kwa maneno ambayo msomaji wa katuni hakuweza kuyakosea. Lakini waandishi Christopher Markus na Stephen McFeely walikuwa wamemwondoa kabisa yule mwanamke. Thanos wao anaua kwa hesabu: viumbe ni vingi, riziki ni chache. Nadhani mabadiliko hayo yalimfanya atishe zaidi, maana hoja yake inafanana na hoja ambazo watu wazima wenye suti huzitoa mikutanoni.

Kundi la pili la wabashiri halikushika kitabu chochote. Lilitazama biashara. Spider-Man: Far From Home ilikwisha tangazwa kuwa itatoka Julai 2019, na Black Panther ilikuwa imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Hakuna kampuni inayozika mali ya namna hiyo, kwa hiyo waliogeuka vumbi lazima warudi. Hoja hiyo haikuwa na pingamizi, na ndiyo iliyochosha kuliko zote, kwani iliua swali bila kulijibu. Kundi hilohilo liliposoma ujumbe wa kuaga alioandika Chris Evans, mwigizaji wa Captain America, Oktoba 2018 baada ya kumaliza kupiga picha, liliamua kwamba shujaa huyo atakufa. Alizeeka, hakufa. Aliyekufa alikuwa Iron Man.

Waliokaribia zaidi ni waliochunguza vielelezo. Filamu zote mbili zilipigwa picha mfululizo huko Atlanta kuanzia 2017 hadi mapema 2018, hivyo picha zilizoibwa za filamu ya pili zilisambaa hata kabla ya ya kwanza kutoka. Zilimwonesha Captain America katika vazi lake la The Avengers ya mwaka 2012, Ant-Man akiwa pamoja na mashujaa wa vita vya filamu hiyo ya 2012, ambamo yeye hakuwemo, na vifaa vya ajabu kwenye vifundo vya mikono yao. Julai 2018 ikaja Ant-Man and the Wasp, na ndani yake tahadhari fupi kuhusu kunaswa katika mizunguko ya wakati. Wachunguzi wakaunganisha: watarudi nyuma katika wakati, watapita ndani ya matukio ya filamu za zamani. Walikuwa sahihi, miezi tisa kabla.

Ndugu wawili walioongoza filamu, Anthony na Joe Russo, walikuwa wanalijua hilo, nao waliandaa kinga zao. Trela ya Infinity War ilikuwa imemwonesha Hulk akikimbia Wakanda pamoja na wenzake, tukio ambalo halimo kabisa kwenye filamu. Waigizaji wengi hawakupewa skripti nzima. Mazishi ya Tony Stark, yaani Iron Man, yaliyokusanya karibu waigizaji wote wakubwa, yaliitwa harusi katika ratiba za kazi. Jina la filamu lilifichwa hadi tarehe 7 Desemba 2018, trela ya kwanza ilipotoka na kutazamwa mara milioni 289 ndani ya saa 24. Jina lenyewe, Endgame, lilikuwa limeshatamkwa na Doctor Strange ndani ya Infinity War. Lilikuwa mbele ya macho ya watu wote.

Ilipofika Aprili 2019, kitabu cha 1991 kilijitokeza pale ambapo wachache waliangalia. Nebula hakuivaa glavu, lakini kumbukumbu zilizomo kichwani mwake ndizo zilizomfichulia Thanos mpango wote. Captain America alisimama peke yake, ngao imevunjika, mbele ya jeshi zima, kama Starlin alivyomsimamisha miaka 28 nyuma. Thanos alikuwa mkulima kweli, na mavazi yake ya vita yalikuwa yametundikwa shambani kama sanamu ya kufukuza ndege. Matukio yalikuwa yamevunjwavunjwa, lakini maswali ya kitabu yalibaki: mtu akishapata nguvu zote anafanya nini kesho yake, na aliyeteswa na mwenye nguvu atakuja kuwa nani. Shabiki aliyekisoma kitabu kwa ajili ya maswali hayo hakubashiri vibaya hata kidogo.

Starlin naye yumo ndani ya Endgame, ameketi kwenye duara la watu wanaofarijiana kwa msiba. Miaka miwili kabla alikuwa amelalamika hadharani kwamba mhusika mdogo aliyembuni kwa ajili ya DC alimlipa zaidi kuliko wahusika wake wa Marvel, Thanos, Gamora na Drax, kwa pamoja. Baadaye alisema wamepatana upya. Ilikuwa haki yake, na ilichelewa mno.

Leo mchezo umeanza tena. Russo wamerudi, Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, amerudi kama Doctor Doom, na Avengers: Doomsday imetangaziwa tarehe 18 Desemba 2026. Mashabiki wengi wamekimbilia katuni za Secret Wars, ile ya 1984 na ile ya 2015, wanatafuta nani atakufa. Ningewashauri waanze na hadithi za Avengers alizoandika Jonathan Hickman kati ya 2012 na 2015, zilizoitangulia hiyo ya pili. Humo dunia mbili zinagongana angani, na mojawapo isipoangamizwa zitaangamia zote. Mashujaa wenye akili kuliko wote wanakaa faragha kuamua kama watawaua mabilioni ya watu wasio na kosa ili watu wao wapone, na Doom anafika kwenye jibu ambalo wao wanashindwa kulitamka. Kama Russo watafanya walivyofanya na Starlin, matukio watayatupa. Hilo swali hawatalitupa.