Nairobi, Kigoma na Mpanda: Historia ya Kuwasomesha Wataalamu wa Hali ya Hewa

Katika Kata ya Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo kote mkoani Katavi, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, hivyo mkulima wa mahindi anayekosea wakati wa kupanda hana msimu wa pili wa kumfidia. Utabiri anaoutegemea ni kazi ya watu waliosomeshwa, na kwa muda mrefu elimu hiyo haikuwa haki ya Mwafrika.

Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki iliundwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter, mtakwimu aliyetokea Mauritius. Ngazi za kazi zilifuata rangi: Mwafrika aliachiwa kusoma vipimamvua na vipimajoto vituoni, ilhali mtaalamu wa metorolojia, yaani sayansi ya angahewa inayotumia fizikia na hisabati kugeuza vipimo hivyo kuwa utabiri, alikuwa Mzungu aliyesomea kwao.

Ukuta huo ulianza kubomolewa katika miaka ya 1960, pale Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliposaidia kuanzisha masomo hayo katika chuo kikuu cha Nairobi, sambamba na chuo cha mafunzo cha idara yenyewe kilichoko Dagoretti. Busara ya mpango huo ilikuwa katika kugawana kazi, kwa kuwa chuo kikuu kilifundisha nadharia, nayo idara ikatoa kumbukumbu za vipimo, vifaa na hatimaye ajira, na vijana wa nchi nyingi za Afrika wakapitia hapo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara hiyo, iliyokuwa chini yake, ilivunjika nayo. Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha idara yake mwaka 1978 na kufungua chuo cha hali ya hewa Kigoma, lakini sheria haizai wataalamu: Kigoma iliandaa waangalizi na mafundi wa ngazi za kati, na aliyetaka shahada aliendelea kwenda Nairobi au ng'ambo. Pengo hilo limepungua tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kutoa shahada ya metorolojia, na mwaka 2023 mtaalamu wa hali ya hewa wa Tanzania, Ladislaus Chang'a, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, heshima ambayo mpimaji mvua wa enzi za Walter asingeruhusiwa hata kuiwazia.

Katavi sasa ina Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyopo Mpimbwe, nayo Kigoma ni jirani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyorithi kazi za idara ya taifa, na kampasi hiyo zishirikiane kufundisha hali ya hewa ya kilimo, na shule za sekondari za Mpanda zipewe walimu wa fizikia na hisabati wa kutosha, ili mtoto wa Misunkumilo naye aingie katika kazi hii.