Idina Sackville: Talaka tano, na wana wawili aliowaacha Uingereza

Novemba 5, 2025 ilitimia miaka 70 tangu Idina Sackville afariki dunia, akiwa na umri wa miaka 62. Kila anapotajwa nchini Kenya, habari ni zile zile: ulevi, wazungu wa bonde la Wanjohi kupokonyana wake na waume, na beseni la oniksi ya kijani alimooga mbele ya wageni. Talaka iliyomfikisha huku haizungumzwi sana, ingawa ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Alizaliwa 1893 katika ukwasi. Baba yake alikuwa Earl De La Warr. Mama yake, Muriel Brassey, alitoka katika ukoo uliotajirika kwa ujenzi wa reli. Wazazi hao walitalikiana 1902.

Mwaka 1913 Idina aliolewa na Euan Wallace, ofisa wa jeshi aliyekuwa tajiri kupindukia, wakajaliwa wana wawili, David na Gerard. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Frances Osborne, kitukuu wa Idina aliyeandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 2008, anasimulia kwamba Euan alipokuja likizo kutoka vitani alizoea kustarehe na wasichana wengine, huku mkewe akiugua. Mmoja wao, Barbara Lutyens, alikuja kuolewa naye 1920.

Idina akaamua kuondoka. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimpendelea mume: yeye alihitaji kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Usawa ulikuja 1923, naye alikuwa ameshaachika. Kwa maelezo ya Osborne, sharti la Euan lilikuwa kwamba watoto wabaki kwake na mama akae mbali. Idina alikubali. Wengi wamemhukumu kwa hilo. Mimi naona lawama hiyo ilipaswa kumfikia pia mume aliyeweka sharti hilo.

Machi 1919 akaolewa na Charles Gordon, wakaja Kenya. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia wazungu waliotoka vitani mashamba, mengine kwa bahati nasibu. Wapagazi wa Kiafrika walionusurika vita hivyo hivyo hawakupewa hata kipande.

Ndoa yake na Gordon ilivunjika 1923. Mwaka huo huo akaolewa na Josslyn Hay, aliyekuja kuwa Earl wa Erroll, wakazaa binti, Diana. Hay alimfuata mke wa mtu, Molly Ramsay-Hill, na talaka ikatoka 1930. Hay ndiye aliyeuawa kwa risasi karibu na Karen mwaka 1941. Waume waliofuata baada ya talaka hiyo walikuwa Donald Haldeman, 1930 hadi 1938, na rubani Vincent Soltau, 1939 hadi 1946.

Mwaka 1934, katika hoteli ya Claridge's jijini London, Idina alikutana na David baada ya takriban miaka 15. Kijana alikuwa na miaka 19, na mama na mwana walikutana kama wageni. Muda waliobakiwa nao ulikuwa mfupi: Gerard aliuawa vitani 1943, David akauawa Ugiriki 1944.

Aibu ilitanda katika ukoo kiasi kwamba Osborne alijua Idina ni bibi wa mama yake akiwa tayari na miaka 13.

Nyumba yake ya Clouds iko Kipipiri, Kaunti ya Nyandarua. Mwandishi Juliet Barnes alipoizuru kwa ajili ya kitabu chake cha 2013, alikuta familia za wakulima zikiishi humo. Waliopika, waliofua na waliochota maji ya kuogea katika nyumba hiyo hawana kitabu. Huenda watoto na wajukuu wao wangali wakilima kule, na kaunti ingeweza kuanza kuwarekodi mwaka huu huu.