Wajenzi wa Kinyakyusa

Wajenzi wa Kinyakyusa ni wanaume wa bonde la Kyela na milima ya Rungwe ambao, hadi katikati ya karne ya 20, walijijengea nyumba kwa mikono yao. Majina yao hayakuandikwa popote, lakini kazi yao inastahili kutajwa kila usanifu wa Tanzania unapozungumzwa. Mskoti Joseph Thomson alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 21, akazisifu sana nyumba alizoziona: za mviringo, kuta zimeinamia nje, na kati ya mianzi yamepangwa matofali ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono.

Ujenzi ulianza utotoni. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake hadi miaka 10 au 11, kisha akahama na wa rika lake kwenda kujenga pembeni mwa kijiji. Vibanda vya kwanza vilikuwa vya matete, vya kitoto kabisa; mikono ilipokomaa zikaja nyumba za mianzi zilizokandikwa udongo. Waliendelea kula kwa mama zao, ila kulala kulikuwa kwao. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliotafiti huko kati ya 1934 na 1938, walieleza kiini cha desturi hiyo: heshima. Mke wa mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe wake, hata kumwona ilikuwa mwiko, hivyo baba na mwana aliyeoa hawangeweza kukaa ua mmoja. Mwiko huo ndio uliopanga vijiji. Kijiji cha rika, kwa Kinyakyusa ikipanga, kilikua na wenyewe: wakaoa, wakazaa, wakazeeka humo, na wana wao wakatoka kuanzisha chao.

Nyumba ya mwenye mifugo ilikuwa ndefu, kwani ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Ni kosa kuiita kibanda. Katika bonde lenye mvua nyingi, ambamo Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, mianzi na nyasi za kuezekea zilipatikana karibu, na ukuta uliobomoka ulirudishwa na mwenyewe bila kununua kitu.

Mpango huo wa vijiji vya rika ulilegea vijana walipoanza kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na ardhi ya kuanzishia vijiji vipya ilipopungua. Leo matofali ya kuchoma na mabati yametawala Kyela, na kujenga ni kazi ya fundi wa kulipwa.