Bibi Thackeray na Waalimu wa Masasi

Historia ya shule za Masasi na Newala huanza Mbweni, Unguja. Huko ndiko walikotoka watumwa waliokombolewa ambao Askofu Steere aliwapeleka bara mwaka wa 1876, wakajenga kijiji cha Masasi karibu na uwanda wa Wamakonde. Mwaka uliofuata Bibi Caroline Thackeray, Mwingereza, aliwasili Unguja, akashika shule ya wasichana ya Mbweni. Wengi wao walikuwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa. Waliokuwa hodari wa vitabu walisomeshwa ualimu. Wengine walitiwa katika kazi za mikono, na ugawaji huo haustahili sifa. Miongoni mwa waalimu hao alikuwa Lucy Magombeani, mke wa Cecil Majaliwa. Mwaka wa 1886 Majaliwa alitumwa Chitangali, kwa Wayao walio jirani na Wamakonde. Majaliwa, aliyepata upadri mwaka wa 1890, amesifiwa sana. Mkewe hutajwa kwa nadra, kana kwamba kazi ile ilikuwa ya mtu mmoja. Bibi Thackeray aliacha ukuu wa shule mwaka wa 1902, lakini hakurudi kwao. Alifariki Mbweni mwaka wa 1926, mwaka ule ule Masasi ilipofanywa dayosisi.